Kulipumzisha Ziwa: Hesabu Zisizokubaliana

Hoja za wanaotetea kufungwa kwa Ziwa Tanganyika kila mwaka, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mmezisikia redioni, mwaloni na katika mikutano ambako mvuvi huitwa aje kusikiliza. Sitazifanyia kejeli kwa jumla. Nitazichukua moja moja, nizieleze kama watetezi wake wanavyozieleza wanapojitahidi, halafu nizipime, nanyi wasomaji muamue. Jambo moja niliseme mapema ili nisisingiziwe baadaye: sibishi kwamba samaki wamepungua. Mtu anayebisha hilo aende kwenye mialo ya Kagongo au Minago alfajiri, atazame kinachoshushwa, kisha aulize bei. Ninachobisha ni kwamba miezi mitatu ya marufuku, kama inavyotangazwa sasa, ni mpango wa maisha ya baadaye ya Rumonge na pwani yote ya Burundi.

Hoja ya kwanza ni ya uzazi. Samaki, wanasema, wanahitaji utulivu ili watage na makinda yao yakue. Waachie miezi mitatu bila taa wala wavu, kizazi kizima kitanusurika, na mwezi wa nane utavuna ulichokiacha. Kila mkulima huielewa hoja hii papo hapo, na nadhani ndiyo sababu inapendwa. Lakini inamzungumzia samaki ambaye hayumo ziwani mwetu. Uvuvi wa Tanganyika unasimama juu ya samaki watatu: ndagala wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na mukeke, Lates stappersii, ambaye ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka. Utafiti mkubwa wa Ziwa Tanganyika (LTR), uliofanywa na FAO kwa msaada wa Finland katika miaka ya 1990, ulikuta ndagala ni kama asilimia 65 ya mavuno ya ziwa zima, na mukeke kama asilimia 30. Sasa wapimeni kwa kalenda. Stolothrissa ni kijisamaki chenye urefu wa kidole hivi, huishi mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo, na hutaga karibu mwaka mzima, huku vilele vya utagaji vikitofautiana kati ya sehemu na sehemu. Mukeke ni mwindaji anayewala hao ndagala, na huchukua kama miaka miwili kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza.

Yanayotokana na hapo hayahitaji shahada. Kwa ndagala anayetaga miezi yote, kufunga mitatu kunalinda sehemu tu ya mayai na kuacha mengine. Kwa mukeke ni vibaya zaidi: kinda aliyenusurika mwezi wa sita bado ni kinda tarehe 16 Agosti, na wavu ule ule wenye matundu madogo unaoshushwa kufuata ndagala unamzoa kabla hajazaa hata mara moja. Marufuku imemwahirishia kifo chake. Wanaotuambia kizazi kizima kinaponyoka watutajie ni kizazi cha samaki yupi.

Kuna pia suala la tarehe zenyewe. Ziwa hili lina urefu wa kilomita karibu 670. Kiangazi kinapoanza, mwezi wa tano, upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya joto ya juu kuelekea kaskazini, na huko kusini, upande wa Mpulungu, maji ya chini yenye rutuba hupanda. Kwa hiyo 15 Mei ya Mpulungu siyo 15 Mei ya Rumonge. Huko chakula cha samaki kinaibuka, huku hali ni nyingine. Hata hivyo kalenda ni moja kwa wote, kana kwamba ziwa ni bwawa la shule. Tena Zambia, ambayo kwa miongo mingi imefunga uvuvi kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari katika mito na maziwa yake mengi, iliiacha Tanganyika nje ya marufuku hiyo miaka yote hiyo. Wataalamu wake walijua kwamba ndagala wa maji ya wazi si sawa na perege wa mbugani. Katika mikutano ya sasa sijasikia yeyote akilitaja hilo.

Hoja ya pili ndiyo inayotamkwa kwa ushindi, na ndiyo inayowashinda wengi. Inasema: ushahidi mmeuona kwa macho yenu, ziwa lilipofunguliwa mitumbwi ilirudi imejaa. Nakubali kwamba usiku wa kwanza baada ya marufuku huweza kuleta mavuno makubwa. Ningeshangaa isingekuwa hivyo, maana samaki walikuwa hawajaguswa na taa kwa siku tisini. Lakini swali halikuwa kama usiku wa kwanza utakuwa mzuri. Swali ni kama mwaka mzima umekuwa mzuri zaidi, na hilo ni swali la hesabu.

Tuchukue mfano tu, usio takwimu ya mtu yeyote. Kundi moja la wavuvi huvua usiku ishirini kwa mwezi. Siku zinazobaki mbalamwezi inaishinda taa na hakuna anayetoka. Kila usiku hupata kreti kumi. Kwa miezi kumi na miwili hizo ni kreti 2,400. Ukiwaondolea miezi mitatu, wanabaki na usiku 180. Ili wafikie zile zile 2,400 wanahitaji kreti 13 na theluthi kila usiku, yaani ongezeko la theluthi nzima, kwa miezi yote tisa bila kupungua. Sasa wape sherehe yao: usiku tano za kwanza walete mara tatu ya kawaida, kreti 30 kila usiku. Hiyo ni 150. Usiku 175 zilizobaki zinadaiwa 2,250, karibu 13 kila usiku. Baada ya wiki ile ya picha na hotuba, wavuvi hao bado wanahitaji ongezeko la karibu asilimia 29 kila watokapo, hadi Mei inayofuata, ili tu wasiwe wamepata hasara. Je, kuna mtu aliyeonyesha jedwali la Novemba? La Februari? Tunaletewa picha za Agosti.

Mtetezi makini atanijibu kwamba lengo halikuwa mavuno ya mwaka huo, ni akiba ya miaka ijayo. Jibu hilo ni bora kuliko la mwanzo, lakini linaipinga hoja yake mwenyewe. Ikiwa faida itakuja miaka ijayo, mitumbwi iliyojaa Agosti si ushahidi wake. Na ikiwa mitumbwi iliyojaa ni ushahidi, basi akiba imeshavuliwa. Achague moja. Isitoshe, ndagala si kitu cha kuweka ghalani. Ni samaki wa maisha mafupi, na ambaye hakuvuliwa Mei kwa sehemu kubwa hayupo tena Agosti. Ameliwa au amekufa mwenyewe. Faida iliyo dhahiri katika hilo ni kwamba baadhi waliliwa na mukeke, nasi tungefurahi, kama mukeke mwenyewe asingekuwa anasubiriwa na wavu siku ya kufungua.

Hoja ya tatu inahusu chanzo. Samaki wamepungua, wanasema, kwa sababu wavuvi ni wengi mno na zana zao ni haramu. Sehemu ya kwanza ina takwimu nyuma yake: hesabu ya wavuvi wa ziwa zima ya mwaka 1995 ilikuta watu wapatao 45,000, na ile ya 2011 karibu 95,000. Hakuna ziwa linalobaki lilivyo huku wavuvi wake wakiongezeka maradufu. Sehemu ya pili pia ni kweli: makokoro yanayokokotwa ufukweni na vyandarua vya mbu vinavyochota makinda havina utetezi, nami sitavitetea.

Lakini mahali penye tatizo ni pale neno “sababu” linapotumika bila wenzake. Mwaka 2003 Catherine O’Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo yanayosema kwamba kwa kuwa maji ya juu yamepata joto na upepo umepungua, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na rutuba inabaki kilindini. Walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya majini ulikuwa umeshuka kwa kama asilimia 20, jambo linaloweza kumaanisha upungufu wa samaki wa kama asilimia 30. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walisoma matope ya sakafu ya ziwa na kuonyesha kwamba kushuka huko kulianza kabla uvuvi wa kibiashara haujashamiri, na kwamba maeneo ya sakafu yenye hewa ya kutosha kwa viumbe yamepungua kwa asilimia 38 tangu 1946. Haki inanidai niseme kwamba wapo wanaokataa. Jouko Sarvala na wenzake waliandika mwaka 2006 kwamba mabadiliko ya mavuno yanaeleweka zaidi kwa mabadiliko ya namna ya kuvua kuliko kwa hali ya hewa. Mabishano hayo ni ya kweli na hayajaisha.

Tazameni basi jinsi mabishano hayo yanavyotumiwa. Panapoombwa fedha za wafadhili, ziwa linakufa kwa joto la dunia, kosa la viwanda vya mbali. Panapohutubiwa mwaloni, ziwa linakufa kwa mvuvi wa Rumonge na wavu wake. Ziwa ni lile lile, na mara nyingi taasisi ni ile ile. Kilichobadilika ni msikilizaji. Ikiwa joto limepunguza uwezo wa ziwa hata kwa sehemu tu ya makadirio ya O’Reilly, basi ahadi ya kuwarudisha samaki wa zamani kwa kufunga miezi mitatu haina msingi, kwa kuwa ziwa lililowalisha samaki hao halipo tena. Na ikiwa Sarvala yuko sahihi, kwamba ni namna ya kuvua, basi tuiangalie namna yenyewe, jambo ambalo kalenda haigusi. Kwa njia zote mbili hoja inaanguka, ila inaangukia upande tofauti.

Historia yetu wenyewe inasema zaidi hapa, na naomba mnivumilie kidogo. Kuanzia miaka ya 1950 meli za Wagiriki, zenye nyavu kubwa za kuzungushia, zilivua kaskazini mwa ziwa zikitumia taa. Ndizo zilizowamaliza kwa kiasi kikubwa sangala na jamaa zake wakubwa katika maji haya, zikahamia kwenye mukeke na ndagala, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara yao upande wa Burundi ilikuwa imeporomoka. Nyingine zikaelekea kusini, Zambia. Kwa maneno mengine, aina moja nzima ya uvuvi iliondoka kwenye maji ya Burundi, tena si kwa miezi mitatu, moja kwa moja. Je, samaki walirudi walivyokuwa? Hawakurudi. Nafasi ilijazwa na zile jozi za mitumbwi zenye wavu mkubwa wa kuinua na taa nyingi, ambazo mwaloni zimezoeleka kwa jina la apollo. Funzo liko wazi kwa anayetaka kulisoma: ukiondoa uvuvi bila kuweka kikomo cha idadi, uvuvi mwingine unaingia mahali pake. Marufuku ya sasa haina kikomo. Mwenye mitumbwi miwili ana kila sababu ya kutengeneza wa tatu mwezi wa saba, ili wiki ile ya kwanza asiachwe nyuma. Kwa hiyo marufuku inayodai kupunguza uvuvi inaweza kuuongeza, na hakuna kitu ndani yake cha kuzuia hilo.

Na kwa kuwa tunazungumzia vyanzo, mbona udongo wa milima iliyokatwa miti hautajwi, wala maji machafu ya mitambo midogo ya mawese inayokamua kando ya ziwa hapa hapa Rumonge? Makinda hayafi kwa wavu peke yake. Ni rahisi kumkamata mtu mwenye chandarua. Kumkamata mwenye mtambo au kuukamata mlima ni kazi zaidi.

Hoja ya nne ni ya ujirani. Nchi nne zimekubaliana, wanasema, kwa hiyo hakuna anayepata hasara kwa faida ya mwenzake. Msingi wa hoja hii ni mzuri, na kwa kweli ni mzuri kuliko wanavyojua wenyewe. Uchunguzi wa vinasaba vya Stolothrissa uliochapishwa mwaka 2019 na Els De Keyzer na wenzake haukukuta makundi yaliyotengana. Ndagala wa kaskazini na wa kusini ni wa jamii moja inayochanganyika. Hivyo ndivyo sayansi inavyounga mkono usimamizi wa pamoja, na ndiyo maana Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003 ulizaa Mamlaka ya Ziwa yenye makao yake Bujumbura.

Lakini angalieni uchunguzi huo unaelekea wapi. Kama samaki ni wamoja, basi anayefunga vizuri analipia, na anayefunga vibaya anavuna. Burundi ina asilimia 8 hivi ya ziwa. Kongo ina 45, Tanzania 41, Zambia 6. Burundi ilitangulia kufunga mwaka 2023. Tanzania ilianza upande wake mwaka 2024. Upande wa Kongo, pwani ndefu ya mikoa ya Kivu Kusini na Tanganyika ina vikundi vyenye silaha na dola isiyofika kila mwalo, na hilo silisemi kwa dharau, kila mwenye ndugu Uvira au Fizi analijua. Kwa hiyo ile asilimia 8 yetu, yenye pwani fupi na wanamaji wanaoonekana, ndiyo iliyo rahisi kufungwa barabara, lakini athari yake kwa ziwa zima ni ndogo. Usawa wa tarehe si usawa wa gharama. Makubaliano ambayo hayasemi nani atampima nani, kwa kipimo gani, na nini kinampata asiyetimiza, ni makubaliano ya heshima tu, na heshima haijai kwenye sufuria.

Nije kwenye hoja ya tano, ambayo naikuta ngumu kuijibu kwa utulivu. Inasema kwamba wavuvi wana kazi nyingine za kufanya miezi hiyo: wakalime, wakakamue mawese, wafuge samaki. Kwa haki kabisa, wako wavuvi wenye mashamba, na mawese ni nguzo ya pili ya Rumonge. Mtu anayekuja kutoka Bujumbura kwa barabara ya kusini huiona michikichi kabla hajaliona soko. Lakini shamba la nani? Burundi ni kati ya nchi zenye watu waliobanana zaidi Afrika, na hapa Rumonge ardhi ina historia yake. Mauaji ya 1972 yalianzia katika pwani hii, mwishoni mwa Aprili. Maelfu wakakimbilia Tanzania, na mashamba yao, michikichi ikiwemo, yakagawiwa wengine. Waliporudi baada ya vita iliyoanza 1993, wawili wenye hati au kumbukumbu tofauti walijikuta wanadai mti mmoja, na kesi hizo zimeijaza miaka. Kumwambia mtu wa familia iliyorudi bila shamba kwamba aende shambani miezi mitatu ni kumpeleka katika mgogoro ambao serikali yenyewe haijaumaliza. Wengi waliingia ziwani kwa sababu hiyo hiyo: maji hayana hati.

Kibarua wa mtumbwi si mmiliki wake. Mmiliki ana akiba, au angalau ana mtumbwi wa kuweka rehani. Kibarua hulipwa kwa mgawo wa usiku. Hakuna usiku, hakuna mgawo. Anakopa Mei, anakopa Juni, na Agosti anatoka majini akiwa na deni ambalo mkopeshaji wake, mara nyingi mwenye mtumbwi huyo huyo, atalikata kwenye mgawo wake. Ndiyo sababu ile wiki ya mitumbwi iliyojaa inaweza kuwa wiki nzuri kwa watu wachache sana.

Na wanawake wa vichanja? FAO ilieleza kwa fahari, na haikukosea, jinsi wanawake wa pwani hii walivyoacha kuanika ndagala mchangani wakahamia kwenye vichanja vya nyavu za waya. Hapo awali sehemu ya samaki ilipotea kwa mchanga, mvua na wadudu, ikifikia hadi asilimia 15. Baada ya vichanja bei ya ndagala mkavu ilipanda zaidi ya maradufu. Hilo ndilo badiliko lililoongeza chakula na pesa kutoka kwa samaki wale wale, bila kumzuia mtu yeyote kuvua. Kisha tunavifunga vichanja robo ya mwaka na kuwaambia wenye vichanja wajishughulishe. Katika orodha za wanaohitaji msaada wakati wa marufuku hutafutwa wavuvi, kwa kuwa mvuvi ana mtumbwi wa kuhesabika. Mwanikaji na mchuuzi wa beseni hawahesabiki.

Ama ufugaji wa samaki, nitapita haraka. Bwawa linahitaji vifaranga, chakula, maji, kipande cha ardhi na miezi kadhaa kabla ya mavuno ya kwanza. Anayelipendekeza kama kazi ya miezi mitatu ajaribu kwanza kuvua perege aliyemtia bwawani Mei ifikapo Agosti.

Hoja ya sita ndiyo inayoziba midomo: sayansi imeshapima, modeli zimeshaonyesha. Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji muwe wakali kabisa, maana mimi ni mpenzi wa modeli, na sipendi zitumike kama rungu. Modeli ya uvuvi inafanya kazi moja: inasema ukibadilisha hiki, kile kitakuwaje, kwa masharti uliyoyaweka. Basi tuulize masharti. Upimaji wa ziwa zima kwa mawimbi ya sauti uliofanywa kwa meli Tanganyika Explorer ni wa miaka ya 1990. Makadirio yanayorudiwa bado ya mavuno ya tani 165,000 hadi 200,000 kwa mwaka kwa nchi zote nne ni ya kipindi hicho hicho. Modeli inayoanzia hapo, ikauliza wavuvi wapungue kiasi gani ili ziwa lirudi hapo, inaichora miaka ya 1990 na kuiandika juu yake “miaka ijayo”. Haijauliza ziwa lenye joto la leo linaweza kutoa kiasi gani, wala haijaweka uwezekano kwamba jibu ni dogo kuliko zamani hata kama kila mvuvi angekaa nyumbani.

Kuna kilichoachwa nje pia. Modeli inahesabu samaki, mitumbwi na nyavu. Haihesabu deni, wala uhaba wa mafuta ambao miaka ya karibuni umeamua nani anatoka usiku na nani hatoki kuliko tangazo lolote la wizara. Haihesabu fedha za kigeni ambazo nchi haina za kununulia dagaa mkavu wa jirani pale wa kwetu anapokosekana. Haihesabu sahani. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2016 na 2017 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nchi ya namna hiyo ndagala ni nyama ya maskini, na robo ya mwaka bila ndagala ni tukio la kiafya. Wanaotumia maneno “uvuvi endelevu na jamii zinazoutegemea” wameiandika jamii kwenye kichwa cha habari na kuisahau ndani ya milinganyo.

Hata data mpya zina mitego yake. Rumonge ilikuwa mkoa kamili kuanzia 2015, na sasa, kwa mgawanyo mpya wa nchi katika mikoa mitano, imeingia Burunga. Mtu atakayelinganisha takwimu za “mkoa” wa mwaka huu na za miaka mitano iliyopita atalinganisha maeneo mawili tofauti. Vilevile maji yaliyopanda hadi kukaribia mita 777 mwaka 2024, kama yalivyofanya miaka ya 1960, yalizamisha mialo na kuhamisha mahali pa kushushia samaki. Kreti zisizopita kwa karani zimehesabiwaje? Sidai kwamba takwimu hizo ni za uongo. Nadai zitolewe pamoja na udhaifu wake, kabla ya kutumika kumfungia mtu ziwa.

Imebaki hoja moja, nayo si hoja hasa: kwamba anayeipinga marufuku hana mbadala, au ametumwa na wenye makokoro. Mbadala upo, na mwingi wake umo katika maandishi ya LTR na katika sheria ya uvuvi ya Burundi ya mwaka 2016, ambayo wanaoitetea marufuku huinukuu kwa uchaguzi. Leseni zenye kikomo cha idadi kwa kila mwalo, ili mtumbwi wa tatu usizaliwe Julai. Maeneo ya makulia ya makinda karibu na pwani, yafungwe mwaka mzima kwa kila mtu, mwenye apollo na mwenye chandarua sawa. Matundu ya nyavu yakaguliwe sokoni, pale zinapouzwa, kabla hazijafika majini. Siku za mbalamwezi, ambazo mvuvi wa taa tayari hapotezi kitu kwa kubaki nyumbani, zifanywe mapumziko rasmi kwa nchi zote nne. Gharama yake ni karibu sifuri, na kila mtu anaweza kuona angani kama jirani amelala au la. Hakuna hata moja kati ya hayo linalopigwa picha vizuri, nadhani ndiyo kasoro yake kubwa.

Kabla ya 15 Mei ijayo, basi, Mamlaka ya Ziwa na wizara zibandike ukutani pale mwaloni mambo manne: mavuno ya kila mwezi kwa kila mwalo tangu 2023, miezi ya kufunguliwa ikiwemo Novemba na Februari; idadi ya mitumbwi iliyosajiliwa kabla na baada ya kila marufuku, kwa nchi zote nne; urefu wa mukeke wanaoshushwa Agosti; na bei ya kilo ya ndagala katika soko la Rumonge wiki kwa wiki. Kama safu hizo zitaonyesha kwamba mwaka wa miezi tisa umezidi ule wa kumi na miwili, nitaandika hapa hapa kwamba marufuku imeshinda. Wavuvi wanaweza kuusoma ukuta wenyewe. Hawahitaji kusomewa hotuba.